Kutoka Mbiu hadi Muhtasari: Historia ya Mkutano wa Kijiji Tanzania

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ndio wenye kauli kuu katika kijiji cha Tanzania Bara, ni chombo cha juzi kilichojengwa juu ya desturi ya kale ya kuwaita watu. Kabla ya redio na kipaza sauti, habari ya wote ilitangulizwa na mbiu, pembe ya mnyama iliyopulizwa ili watu wakusanyike. Tangazo lenyewe ndilo lililoitwa mgambo, na hadi leo watu husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ushauri ulikuwa na mahali pake pengine, barazani kwa mtawala na wazee wake. Mbiu ilipolia, kwa kawaida neno lilikuwa limekwisha kukatwa.

Wajerumani waliuchukua mfumo wa Pwani wa maliwali, maakida na majumbe, wakaupeleka bara, na Kiswahili kikawa lugha ya amri. Jumbe alitangaza kodi na kazi za barabara. Hakuwa na la kuwauliza watu. Waingereza walikuja na njia yao. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya 1926 iliwapa machifu mamlaka ya wenyeji, na mkuu wa wilaya akawa anazunguka kufanya baraza. Watu walimwita Bwana Shauri, jina la kufaa kwa mtu anayeshauriana, ingawa mara nyingi shauri alikuja nalo tayari mfukoni. Katika milima ya Uluguru wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito na faida yake hawakuiona. Mwaka 1955 zikazuka vurugu na mpango ukaachwa. Haukukosa wataalamu mpango ule. Ulikosa wakulima waliouafiki.

Baada ya Uhuru machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, na nafasi yao katika kupeleka habari ikashikwa na chama cha TANU. Chama kiliwagawa wananchi katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na kiongozi wake aliyekuja kuitwa balozi. Kwa jina, balozi ni mtu wa pande mbili, naye kweli alipita nyumba kwa nyumba akipiga hodi na kueleza mkutano ni lini na wa nini. Alijua nani mgonjwa na nani amegombana na jirani. Mengi ya hayo hayakuhitaji kupanda ngazi za chama. Yaliishia kibarazani kwake. Redio nayo ilifika vijijini kwa nguvu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu waliketi katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na hadi 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ndiyo iliyounda mkutano wa kijiji na halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo haki ya kuulizwa iliandikwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuulizwa waishi wapi. Halmashauri za wilaya zenyewe zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Zilirudishwa kwa sheria za 1982. Neno mgambo nalo lilikuwa limepata maana mpya: askari wa akiba wa kijijini, ambaye asiyefika mkutanoni au asiyetoa mchango alimwogopa. Tangazo likawa limeota rungu.

Sheria Namba 7 ya 1982 bado ndiyo msingi. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu, unaopaswa kukaa walau kila miezi mitatu. Mkutano huo huchagua halmashauri ya watu 15 hadi 25, na mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa serikali, ndiye katibu.

Nguvu halisi ya mkutano iliongezwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Tangu hapo daftari la muhtasari limekuwa mali. Linaonyesha tarehe, ajenda, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi na alama za dole gumba. Mgogoro wa shamba ukifika mbele ya sheria, kurasa hizo ndizo hutafutwa kwanza, kwani ndizo zinazoonyesha kama wananchi waliridhia au walisomewa tu.

Siku hizi mkutano hutangazwa kwa pikipiki yenye kipaza sauti, kwa karatasi iliyobandikwa ubao wa matangazo, na kwa kundi la WhatsApp la kitongoji, ambalo humkosa mwenye simu ya kitochi. Mpangilio wa ajenda haujabadilika sana: kufungua, muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Matangazo kutoka juu hujaza sehemu ya kwanza. Maswali ya wananchi kuhusu maji, mipaka na michango huja kwenye mengineyo, jua likiwa limeshuka na akina mama wakianza kuondoka kwenda kupika.