Mshtakiwa ni Mmoja: Tafakuri juu ya The Philadelphia Story

Filamu ya The Philadelphia Story (1940), iliyoongozwa na George Cukor, imesifiwa kiasi kwamba mtazamaji asiyevutiwa nayo hudhaniwa hakuielewa. Makala hii inadai kwamba kutovutiwa huko kuna msingi, na msingi wenyewe umo katika muundo wa hadithi.

Sifa nyingine ni za haki. Katharine Hepburn, ambaye mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtangaza kuwa sumu kwa mauzo ya tiketi, alirejea kwa kishindo. James Stewart alitunukiwa Oscar. Majibizano ni makali na yanakwenda mbio.

Tatizo linajitokeza mapema mno. Tracy Lord (Hepburn) anavunja fimbo ya gofu ya mumewe, Dexter (Cary Grant). Dexter anakunja ngumi, anaghairi, kisha anamsukuma usoni hadi anaanguka, nasi tunatarajiwa kucheka. Baada ya talaka, karibu kila mwanamume ana somo la kumpa Tracy. Dexter anamlaumu kwa kutovumilia ulevi wake, ulevi ambao ameshaushinda pembeni, bila sisi kuona alivyohangaika nao. Baba mtu, aliyekuwa akizurura na mcheza dansi, anadai kwamba angekuwa na binti mwenye huba asingetafuta ujana wake kwingine. Anayasema hayo mkewe akiwapo! Tracy anapinga, ila hadithi haimpi ushindi. Mwishoni ni yeye anayejirudi. Naye George, mchumba mpya aliyeinuka kutoka machimbo ya makaa ya mawe, anadhihakiwa hata kwa kutojua kupanda farasi. Katika nyumba hii ya matajiri, kutafuta mali kwa jasho ni aibu kuliko kuirithi.

Mwanafalsafa Stanley Cavell, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliiweka filamu hii miongoni mwa komedi saba za wanandoa wanaorudiana, akisisitiza kwamba kinachowarudisha pamoja ni mazungumzo. Kipimo ni kizuri, lakini filamu hii inakifeli. Tracy anapowatangazia wageni hatima ya harusi yake na George, Dexter anamtajia maneno, naye anayarudia kifungu kwa kifungu. Hayo ni mazungumzo gani?

Wapo watakaosema zama zilikuwa hivyo. Lakini miongoni mwa filamu hizo saba za Cavell imo pia The Awful Truth ya Leo McCarey, ya mwaka 1937, ambamo mume ni Cary Grant huyohuyo. Humo mume anamdanganya mkewe kwamba alikuwa Florida, akaumbuliwa na machungwa yenye chapa ya California. Baadaye anavamia onyesho la uimbaji akidhani atamfumania, akaanguka na kiti mbele ya wageni. Mke naye ana vituko vyake. Wote wawili wanakosea, wote wanachekwa, na kurudiana kwao kunaaminika. Nayo iliitangulia The Philadelphia Story kwa miaka mitatu.