Fahari ya Waungwana wa Pangani

Mithali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja yajulikana na kila mwalimu. Katika mwambao wa Tanga na Pangani mithali hii ina habari zake, nasi twapenda kuzieleza kwa ufupi, maana asiyezijua hataelewa sawasawa jinsi watu wa zamani walivyotumia maneno heshima na aibu.

Zamani za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, kando ya mto Pangani palikuwa na mashamba ya miwa, mengi yakiwa ya Waarabu, na kazi yake ikifanywa na watumwa. Mjini walikuwapo majumbe na waungwana wa Kishirazi, waliojihesabu kuwa ndio wenye mji. Mali ya wenye mashamba ikazidi, na wenyeji wakaona heshima yao yapungua.

Kamari ni haramu katika sheria ya Kiislamu; basi mwungwana hakuweka fedha, aliweka jina lake. Chama kimoja kikichinja ng'ombe na kuwalisha wapinzani wao katika ngoma, wale waliolishwa walikuwa na deni: sharti walipe kwa karamu kubwa kuliko ile. Wakishindwa, waliimbwa kwa mafumbo mbele ya mji mzima. Karamu za namna hii zimeelezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903.

Arusi nazo zilikuwa uwanja wa mashindano. Aliyeposa binti wa nyumba kubwa alitoa mahari, na kilemba cha baba, na mkaja wa mama, na watu wakahesabu. Wakitokea wachumba wawili, mapenzi yaligeuka kuwa shindano la jamaa zao, na binti mwenyewe mara nyingi hakuulizwa.

Gharama ilitoka wapi? Wengi walikopa kwa wafanya biashara wa Kihindi, wakaweka shamba au nyumba rehani. Mtumwa alikula karamu siku moja, na kesho yake akarudi kukata miwa.

Hata Agosti 1888 kampuni ya Kidachi ilipoitwaa forodha, watu wa Pangani wakaondoka kuipinga. Aliyekuwa kiongozi ni Abushiri bin Salim, mwenyewe mwenye shamba la miwa. Akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini mashindano hayakufa naye. Baadaye yalitokea tena katika ngoma ya beni, Marini wakijiona watu wa daraja, na Arinoti wakiwa watu wa chini.

Kwa asili yake fahali na fahari ni maneno mawili mbalimbali ya Kiarabu, moja la dume na moja la kujivuna. Katika uwanja wa karamu yalikutana: fahali alichinjwa ili fahari ikae, na mara nyingi shamba nalo likaenda pamoja na fahali.