Kiapo Kilichokataliwa: Julian Bond na Kiti Chake katika Bunge la Georgia



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukielekea Atlanta. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni neno. Tunaposema “mbunge wa jimbo”, msomaji wa Tanzania huelewa mara moja kwamba ni mtu anayewakilisha jimbo la uchaguzi katika Bunge la taifa. Nchini Marekani kila jimbo, kama Georgia au Illinois, lina bunge lake, mbali kabisa na lile la Washington. Mkenya, mwenye istilahi ya “eneo bunge”, hapotei sana. Sisi wengine hupotea, na magazeti yetu yamewahi kuwapandisha cheo maseneta wengi wa majimbo bila wao kujua. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu kiapo: kiapo hufanya kazi gani, na ni nani mwenye haki ya kupima ukweli wa moyo wa anayekila?

Julian Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyekuja kuwa rais wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichosoma Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah. Mwana aliacha masomo katika Chuo cha Morehouse akajiunga na Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati zisizo za Mabavu, SNCC, iliyoundwa mwaka 1960, naye akawa msemaji na mhariri wake. Kazi yake ilikuwa maneno. Aliandika taarifa, akapiga simu kwa waandishi wa habari, akahesabu waliokamatwa na waliopigwa. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana maneno ndiyo yaliyomponza.

Njia yake ya kuingia bungeni ilifunguliwa na mahakama. Kwa miaka mingi Baraza la Wawakilishi la Georgia liligawa viti vyake 205 kwa kaunti, si kwa watu. Kaunti nane kubwa zilipewa viti 3 kila moja, 30 zilizofuata viti 2, na 121 zilizobaki kiti 1. Hivyo Fulton, kaunti ya mji wa Atlanta yenye watu zaidi ya 550,000, ilikuwa na wawakilishi 3, ilhali kaunti yenye wakazi wasiofikia 2,000 ilikuwa na wake mmoja. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mabunge ya majimbo yagawe viti kwa kufuata idadi ya watu. Mipaka ikachorwa upya, na uchaguzi maalumu ukafanyika mwezi Juni 1965. Katika Wilaya ya 136, iliyokaliwa kwa sehemu kubwa na watu weusi, Bond alipata kura 2,320 dhidi ya 487 za mpinzani wake. Yeye na wenzake kadhaa walikuwa watu weusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza hilo tangu mwanzoni mwa karne. Alikuwa na miaka 25.

Kabla Bunge halijakutana, tarehe 3 Januari 1966, kijana aitwaye Sammy Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji, aliuawa kwa risasi katika kituo cha petroli huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa taarifa ya kupinga vita vya Vietnam. Ilifananisha mauaji ya Younge na mauaji ya wakulima wa Vietnam, na ikasema inawahurumia vijana wasiotaka kuandikishwa jeshini. Bond hakuiandika. Mwandishi wa redio alipompigia simu na kumwuliza kama anaiunga mkono, alijibu kwamba anaiunga. Alieleza pia kwamba yeye mwenyewe hangeichoma kadi yake ya uandikishaji, ila alistahi ushujaa wa anayeichoma akijua yatakayompata.

Wabunge 75 wakatia saini malalamiko wakitaka azuiwe kukaa. Tarehe 10 Januari 1966, wenzake waliposimama kula kiapo, Bond aliambiwa akae kando. Alikuwa tayari kutamka maneno yote ya kiapo cha kuitii Katiba ya Georgia na ya Marekani, karani hakumlisha. Jioni hiyo Baraza lilipiga kura, 184 kwa 12, kumnyima kiti. Hakuna aliyedai kwamba hakuchaguliwa kihalali, wala kwamba umri au makazi yake yana kasoro. Hoja ilikuwa moja tu: mtu aliyesema aliyoyasema hawezi kuapa kwa dhati.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa mwaka 1962, mwanafalsafa wa Oxford J. L. Austin alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ndiko kulitenda jambo lenyewe: kuahidi, kuoza, kuapa. Akatofautisha namna mbili za semi hizo kuharibika. Ya kwanza ni tendo kutotokea kabisa, kwa mfano anayefungisha ndoa anapokuwa hana mamlaka. Hapo hakuna kilichofanyika. Ya pili ni tendo kufanywa bila nia safi. Anayeahidi huku moyoni hakusudii kutimiza ameahidi, na ahadi inamfunga. Kosa la Baraza la Georgia, kwa lugha ya Austin, lilikuwa kulichukua shaka la namna ya pili na kulifanya sababu ya kuzuia tendo lisitokee. Walihukumu unafiki wa kiapo ambacho hakijatamkwa.

Kiswahili kina la kutuambia hapa. Hatusemi mtu “hufanya” kiapo, tunasema anakila. Anakula kiapo, anakula yamini. Na anayekisimamia humlisha. Neno yamini tumelipata kwa Kiarabu, ambako lina maana ya kiapo na ya mkono wa kuume pia, mkono ambao sisi tunauita wa kulia kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Sidai kwamba wahenga waliunganisha mambo haya kwa makusudi, maana etimolojia ni uwanja wenye mitego mingi. Lakini mantiki ya sitiari iko wazi. Kinacholiwa huingia ndani ya mlaji, na kikiwa na madhara humdhuru yeye. Aliyeapa uongo hushikwa na kiapo chake. Katika fikra hiyo kiapo ndicho kinachompima mtu, na kinampima baada ya kuliwa. Kumnyima chakula kwa hofu kwamba kitamdhuru tumboni ni jambo jingine kabisa.

Bond alikwenda mahakamani, na mmoja wa walioshtaki pamoja naye alikuwa Martin Luther King. Mahakama ya majaji watatu ilimkataa mwezi Februari, wawili kwa mmoja. Kiti kilipotangazwa kuwa wazi alichaguliwa tena bila mpinzani. Kamati ya Baraza ikamkataa tena mwezi Mei. Mwezi Novemba akachaguliwa kwa mara ya tatu. Wapiga kura wa Wilaya ya 136 walikuwa wamejibu swali lilelile mara tatu ndani ya miezi 17, na muda wote huo hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Ilisema jimbo lina haki ya kumtaka mbunge ale kiapo, lakini wabunge walio wengi hawana mamlaka ya kupima unyofu wa mwenzao anapoapa. Georgia ilidai kwamba mbunge abanwe katika kauli zake kuliko raia wa kawaida. Mahakama ilikataa: katika serikali ya uwakilishi, mbunge anahitaji nafasi pana kabisa ya kusema juu ya mambo ya siasa, la sivyo waliomchagua hawatajua anasimamia nini. Tarehe 9 Januari 1967 Bond alikula kiapo, akakaa.

Mwaka huohuo wa 1966 Kenya nayo ilikuwa na swali la viti. Kuna uzi unaounganisha mambo haya: mwezi Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga alipita Atlanta, vijana wa SNCC wakamtembelea hotelini, na baadhi yao wakakamatwa baadaye katika mkahawa wa jirani uliokataa kuwahudumia weusi. Mwezi Aprili 1966 Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuingia KPU, Katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Uchaguzi mdogo wa mwezi Juni uliirudisha KPU na viti vichache tu. Kwangu mimi sheria hiyo ilikuwa hila, kwa kuwa ilitungwa baada ya tendo. Hata hivyo swali walau lilirudishwa kwa mwananchi. Tanzania, mwaka 1968, wabunge waliofukuzwa TANU walipoteza viti vyao bila wapiga kura kuulizwa. Hapo dhana ilikuwa tofauti: kiti ni cha chama. Mtu anaweza kuitetea dhana hiyo, na ilitetewa kwa ufasaha mkubwa. Lakini ni vyema ijulikane kwamba chini yake kiapo cha mbunge kina mlishaji wa pili asiyetajwa katika maneno yake.

Yaliyofuata katika maisha ya Bond bungeni yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, alipendekezwa kuwa mgombea wa umakamu wa rais, akajiondoa kwa sababu Katiba inataka miaka 35 naye alikuwa na 28. Alibaki katika Baraza hadi 1975, kisha Seneti ya Georgia hadi 1987. Hakuwa mtunga sheria hodari wa kusaka kura kwenye korido; waliomsifu na waliomlaumu wanakubaliana zaidi au chini katika hilo. Kazi yake kubwa ya kibunge ilikuja baada ya sensa ya 1980, alipopigania Atlanta ipate wilaya ya kuchagua mbunge wa Washington yenye weusi wengi. Bunge la Georgia lilipinga, mpango wake ukakataliwa mahakamani mwaka 1982, na mipaka ikachorwa upya. Mwaka 1986 Bond aligombea kiti cha wilaya hiyo hiyo. Alishindwa katika duru ya pili na John Lewis, rafiki yake na mwenyekiti wa zamani wa SNCC, ambaye alikishikilia kiti hicho hadi alipofariki mwaka 2020. Bond alirudi kwenye kazi ya maneno: alifundisha vyuoni, na toka 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa NAACP. Alifariki Agosti 2015.