Kinanda kisicholia

Kijana wa Mikindani akikuambia amenunua kinanda, usimwombe akipige papo hapo. Huenda ni kontrola ya MIDI, na hiyo haina sauti hata chembe. Ukibonyeza, hupeleka taarifa tu kwenye kompyuta: noti ipi, na imepigwa kwa nguvu gani, kati ya 0 na 127. Sauti hutoka kwenye programu, mathalani LMMS, ambayo ni huria na hupakuliwa bila malipo.

Je, bado ni kinanda? Naona ndiyo. Kamusi za zamani huzipa jina hilo zeze na gambusi, ala za nyuzi. Baadaye likapokea piano, ogani ya kanisani, hata gramafoni. Neno lililomeza gramafoni litashindwaje na MIDI, iliyoanza 1983?

Kwenye pedi za mpira za kupigia mdundo, ambazo vijana huziita ngoma, ndipo ninaposita. Ngoma za kuchezea sindimba huoteshwa moto ngozi ikaze. Pedi huchomekwa waya. Lakini kwa vijana hao hao wimbo mzima, gitaa na sauti za waimbaji zikiwemo, ni “ngoma mpya”, kwa hiyo ubishi wangu umechelewa.