Kipepeo Naye Ana Kwao

Ndugu msikilizaji, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukaipita Bunju, kabla hujafika Kerege, hapo ndipo Mapinga. Zamani pale palikuwa na mikorosho, minazi na vichaka tele. Siku hizi unakutana na mawe ya mipaka, kuta za matofali na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Mtu akishanunua kiwanja, kazi ya kwanza ni kukisafisha. Huita vijana wenye mapanga na majembe, wakafyeka, wakang'oa, wakachoma moto, mpaka unabaki mchanga mtupu. Nyumba ikisimama, mwenyewe hununua maua ya kwenye vyungu, akayapanga barazani, kisha akashangaa mbona vipepeo hawaji.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya vipepeo hao, hasa ukoo wao mmoja mkubwa ambao wataalamu wanauita Nimfalide. Kuutambua si kazi ngumu. Mngoje kipepeo atue, kisha mhesabie miguu. Utakuta anasimama kwa minne tu, ingawa mdudu kwa kawaida ana sita. Ile miwili ya mbele imekuwa mifupi, imeota vinywele kama brashi, naye kaikunja kifuani. Si kilema hicho. Jike huitumia kuligonga na kulionja jani, ajue kama litawafaa wanawe kabla hajataga.

Ukoo huu una aina zipatazo 6,000, na hakuna bara usilokaa isipokuwa Antaktika. Wamo waendao mbali hata akili ikakataa. Yupo mmoja, kwa jina la kitaalamu Vanessa cardui, ambaye huvuka jangwa la Sahara kwenda na kurudi Ulaya, kizazi kikipokezana na kizazi. Mwaka 2013 wachache walikutwa ufukweni kule French Guiana, Amerika ya Kusini, na utafiti uliotolewa mwaka 2024 ukaeleza kwamba walikuwa wamevuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, safari ya zaidi ya kilomita 4,200. Lakini hata msafiri huyo, akitaka kuzaa, lazima atafute jani ambalo kiwavi wake anakubali kulila. Hewani anapita tu. Kwao ni kwenye mmea.

Chukua mfano wa hawa wawili tunaoonana nao kila siku hapa pwani. Wa kwanza ana rangi ya chungwa, na ncha za mabawa yake ni nyeusi zenye madoa meupe. Jina lake Danaus chrysippus. Huyu ni mkongwe wa kuchorwa. Katika michoro ya kaburi la Nebamun wa Misri, iliyochorwa yapata miaka 3,350 iliyopita, yumo akirukaruka kwenye matete, na ukimwona leo pale Mapinga utamtambua bila kuuliza. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu ile hubaki mwilini hata akiisha kuwa kipepeo. Ndege akimla hutapika. Ndiyo maana huruka polepole, kwa madaha, kama mwenye mji.

Wa pili ni Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Jike, ajabu, halifanani nalo hata kidogo: limevaa rangi ya chungwa na ncha nyeusi, nguo ileile ya yule mwenye sumu. Lenyewe halina sumu hiyo. Kiwavi wake hula magugu ya kawaida, likiwamo lile linalotambaa uwanjani liitwalo tako la Hasani. Ndege aliyekwisha kutapika mara moja hathubutu kulijaribu.

Ujanja huu ulielezwa kwanza na Mwingereza Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya kukaa miaka 11 katika misitu ya Amazon. Lakini wachache wetu wanajua kwamba vipepeo wa Dar es Salaam nao walichangia elimu hiyo. Katika miaka ya 1970 mtafiti D. A. S. Smith aliwachunguza hawahawa wawili jijini, akifuatilia rangi zao na jinsi zinavyorithiwa, na taarifa zake za mwaka 1975 na 1976 zikasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Afrika Mashariki ilifaa kwa sababu yule mwenye sumu ana sare kadhaa ambazo hukutana kwetu, na jike la misippus nalo lina sare kadhaa za kumwigiza. Vipepeo wa majalalani na kando ya njia, ndugu msikilizaji, si wa mbuga yoyote.

Wa msituni walipata wageni mapema zaidi. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka na kuingia Bagamoyo na Saadani, Wazungu walikusanya wadudu pamoja na mambo mengine. Yupo kipepeo wa misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania aliyepewa jina Charaxes lasti mwaka 1889, kwa ajili ya Joseph Last, aliyewahi kuwa mmisionari Mamboya, upande wa Kilosa. Mwingine, Hypolimnas antevorta, alipewa jina mwaka 1880, naye hapatikani popote duniani ila Usambara. Vielelezo vilikwenda Ulaya. Waliokwenda navyo walilipwa kwa sifa. Waliowaonyesha njia za msituni hawatajwi.

Ikabidi kungoja miaka mia na zaidi ndipo mwanakijiji naye apate chake. Mwaka 1993, pale Gede karibu na Malindi, ulianzishwa mradi ulioitwa Kipepeo. Wakulima waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walikuwa wakitaka ukatwe wapate mashamba. Wakafundishwa kufuga vipepeo, na kuuza pupa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za vioo za maonyesho. (Pupa ninayoisema ni lile gamba ambamo kiwavi hulala akageuka, si ile pupa ambayo mwenye nayo hadiriki tamu.) Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Amani, wilayani Muheza, wakaiga. Wake kwa waume wakapanda kwenye vibanda vya nyavu mimea inayoliwa na viwavi, wakauza, na sehemu ya mapato ikaingia mfuko wa kijiji. Mtu akawa anajua mti gani humlea kipepeo gani, na mti huo akawa haukati.

Kisha ukaja Machi 2016. Baada ya kashfa ya twiga waliopakiwa ndege uwanja wa Kilimanjaro mwaka 2010, na tumbili zaidi ya 60 waliokamatwa hapohapo wakipelekwa Albania, Serikali ilisimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori walio hai. Hasira ile ilikuwa halali. Lakini amri haikumtenga twiga na kiwavi, na mfugaji wa Amani akabaki na pupa wasio na mnunuzi. Twiga mmoja akiibwa porini pengo lake huonekana. Jike moja la kipepeo hutaga mayai mengi, na mfugaji huhitaji msitu uwepo ili apate mbegu. Binafsi sioni kwa nini wawili hawa walipimwa kwa mizani moja. Juni 2022 ilitangazwa kwamba zuio lingelegezwa kwa miezi sita, na siku chache hazikupita tangazo likasimamishwa.

Mapinga hakuna mradi wala zuio. Kuna panga na kiberiti. Mwenye kiwanja akiacha ukanda wa hatua mbili tu kando ya ukuta bila kuupalilia, misippus watamtosha. Kwa sasa jike hulazimika kushuka nje ya ukuta, upande wa mtaro wa barabara. Huko tako la Hasani bado limetambaa, naye hulitua, akaligonga kwa zile brashi zake mbili, akataga.