Ngome za mpakani za Misri ya kale: nani alipita, nani alirudishwa

Karibu miaka 3,800 iliyopita, kikundi kidogo cha Wamedjay, watu wa jangwani, wake kwa waume, kilifika kwenye ngome ya Wamisri kando ya mto Nile kikaomba kumtumikia mfalme. Walipoulizwa habari za walikotoka, walijibu kwamba jangwa linakufa kwa njaa. Siku hiyo hiyo wakarudishwa.

Habari hii tunaijua kwa sababu iliandikwa kwenye karatasi ya mafunjo pamoja na taarifa nyingine za ngomeni. Taarifa mojawapo inasema doria iliona nyayo za watu 32 na punda 3. Barua hizo sasa ziko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Ngome zenyewe zilikuwa Nubia, kusini mwa Misri, eneo ambalo leo liko kaskazini mwa Sudan. Nyingi zilijengwa na wafalme wa ukoo wa 12, na aliyekaza mpaka zaidi ni Senusret wa Tatu. Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Kwenye maporomoko ya pili ya Nile vyombo havipiti kwa urahisi, na huko Semna miamba inaubana mto. Hapo ngome mbili, Semna na Kumma, zilitazamana, kila moja ukingo wake.

Usidhani kuta zilikuwa za mawe matupu. Ngome ya Buhen ilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ambayo fundi yeyote wa kijijini angeyatambua. Lakini ukuta wake ulikuwa na unene wa mita 5 hivi na kimo cha takriban mita 10, na mbele yake handaki kavu.

Kazi yake haikuwa vita tu. Jiwe lililosimikwa Semna katika mwaka wa 8 wa Senusret lilikataza Mnubia yeyote kupita kwenda kaskazini, kwa miguu au kwa chombo, wala mifugo yake, isipokuwa anayekwenda kufanya biashara mahali palipoitwa Iken, au mjumbe. Dhahabu na pembe za ndovu zilitoka kusini, na Misri ilitaka zipite mikononi mwake.

Bwawa kuu la Aswan lilipoanza kujaa mwaka 1964, karibu ngome zote zilizama. Uronarti na Shalfak, zilizokuwa juu zaidi, bado zinaonekana.