Busia na Tororo: majirani, lugha na karatasi zako

Mkimbizi anayefikiria kuhamia mpakani huuliza kwanza: nitaishi na kina nani? Makala haya yanalinganisha Busia, pande zote mbili za mpaka, na Tororo.

Busia
Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya Kenya ya leo. Wasamia na Wateso wakabaki wamegawanyika, na hadi sasa familia moja huwa na ndugu pande zote mbili. Upande wa Uganda wapo pia Wagwe. Upande wa Kenya wapo Wakhayo na Wamarachi, ambao ni Waluhya. Sokoni Uganda utasikia Kiganda na Kiswahili. Ukivuka, Kiswahili kinatosha karibu kila mahali.

Tororo
Wenyeji wengi ni Wajopadhola na Wateso. Kijopadhola ni lugha ya Kiluo, kama Kiacholi na Kialur, hivyo Mualur kutoka Mahagi, Kongo, atatambua maneno mengi. Kiteso kina undugu na Kitoposa cha Sudan Kusini. Tahadhari moja: Wateso na Wajopadhola wamevutana kwa miaka mingi kuhusu kuigawa wilaya na mji ubaki upande gani. Wewe mgeni, usiegemee upande wowote.

Lugha si ruhusa ya kuvuka
Hapa ndipo wengi hukosea. Jirani yako Msamia akivuka asubuhi na kurudi jioni, anavuka kama raia. Kadi yako ya mkimbizi ni ya Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kutembea na kufanya kazi ndani ya Uganda, ikiwemo Tororo na Busia ya Uganda. Haikupi haki ya kuishi wala kufanya biashara Kenya, yenye sheria yake ya 2021 na usajili wake.

Kabla ya kuondoka
- Zungumza na ofisi ya OPM katika makazi yako. Uliza kuhama kutaathiri vipi mgao wa chakula wa familia.
- Ukitaka kuvuka, ulizia hati ya kusafiria ya mkimbizi mapema.
- Ukifika, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 ukiwa na kadi yako.

Majirani watakukaribisha kwa lugha. Afisa wa mpakani atataka karatasi.